Mkupuo wa 175: kisa cha T2 Laboratories na pengo katika masomo ya uhandisi wa kemikali

Ripoti za ajali za viwandani kwa kawaida huelekeza mapendekezo yake kwa mwenye kiwanda, kwa mtengenezaji wa mtambo au kwa serikali. Ile iliyotolewa Septemba 2009 na Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani, CSB, ilikwenda mpaka chuoni. Ilikitaka AIChE, chama cha wahandisi wa kemikali cha nchi hiyo, na ABET, taasisi inayotoa ithibati kwa programu za uhandisi, washirikiane kuingiza hatari za mimenyuko ya kemikali katika masharti ya mtaala wa shahada ya kwanza. Yaani wachunguzi walifuatilia chanzo cha mlipuko, wakatoka kwenye kifusi, wakafika darasani.

Ndiyo maana naona kisa hiki kinamfaa kila anayesoma, anayefundisha au anayepanga kusoma uhandisi wa kemikali au wa petroli. Ndani yake kuna swali ambalo kozi nyingi hulikwepa: mtu mwenye shahada halali, mchapakazi, aliyefaulu mitihani yake, anawezaje kujenga kinu, yaani chombo cha kuendeshea mimenyuko ya kemikali, ambacho kitamuua?

Kilichotokea

Tarehe 19 Desemba 2007, mjini Jacksonville katika jimbo la Florida, T2 Laboratories ilikuwa ikitengeneza mkupuo wa 175 (mkupuo ni kiasi kinachotengenezwa kinuni kwa mara moja) wa MMT, kemikali yenye manganisi inayotiwa kwenye petroli ili kuongeza oktani, yaani uwezo wa petroli kutojiwasha kabla ya wakati ndani ya injini. Kampuni ilikuwa ndogo, iliyoanzishwa mwaka 1996 na watu wawili, mmoja mkemia na mwingine mhandisi wa kemikali. Uzalishaji wa MMT ulianza Januari 2004.

Utengenezaji ulikuwa na hatua tatu, zote ndani ya kinu kimoja, na ile ya kwanza ndiyo iliyoua. Kwenye kinu chenye ujazo wa takriban lita 9,270 walitia vitu vitatu: methilisaiklopentadaini ikiwa katika umbo la molekuli pacha, kiyeyusho kiitwacho daiglaimu, na mapande ya metali ya sodiamu. Kinu kilipashwa kwa mafuta ya moto. Sodiamu ilipoyeyuka, karibu nyuzi 98 za Selsiasi, kikorogeo kiliwashwa. Kwenye nyuzi 149 mwendeshaji alizima joto la nje, kwa kuwa kufikia hapo mmenyuko wenyewe ulitoa joto la kutosha kuendelea kupanda. Kwenye nyuzi 182 alifungulia maji ya kupoza. Maji yaliingia kwenye koti linalozunguka kinu, yakachemka, na mvuke ulipotoka ulibeba joto.

Siku ile maji hayakupoza. Saa 7:23 mchana mwendeshaji aliagiza wamiliki wapigiwe simu warudi kiwandani kwa sababu kulikuwa na tatizo la upozaji. Walirudi. Mhandisi aliingia chumba cha udhibiti. Saa 7:33, dakika kumi baada ya simu, kinu kilipasuka na vilivyokuwamo vikalipuka. Walikufa watu wanne: mhandisi mwenyewe, mwendeshaji aliyekuwa naye chumbani, na wafanyakazi wawili wa nje waliokuwa wakijaribu kuondoka eneo la kinu. Waliojeruhiwa ni 32, na kati yao 28 hawakuwa wafanyakazi wa T2 bali watu waliokuwa kazini katika biashara za jirani. Mabaki yaliokotwa umbali wa hadi maili moja. Wachunguzi walikadiria kuwa nguvu ya mlipuko ililingana na takriban kilo 640 za TNT.

Mhandisi yule angeweza kukaa mbali. Alipoambiwa kuna hatari alikwenda kwenye hatari, karibu na watu wake. Nalisema hili mapema kwa sababu ni rahisi mno kusoma kisa kama hiki ukamhukumu marehemu kuwa mzembe, kisha ukafunga ukurasa ukiamini kwamba wewe si mzembe na kwa hiyo uko salama.

Dalili zilizopita

Kabla ya kujenga kiwanda, walijaribu mchakato katika kinu cha maabara cha lita moja, majaribio 110. Si kazi ya mtu anayebahatisha. Tatizo ni kwamba kinu cha lita moja hakiwezi kukuonyesha hatari hii, na sababu yake nitaifikia.

Baada ya hapo ikaja mikupuo mikubwa. Katika kumi ya mwanzo, mitatu ilileta joto ambalo hawakulitegemea: wa kwanza, wa tano na wa kumi. Kila mara mhandisi alirekebisha kitu, kipimo cha malighafi au namna ya kuendesha, kisha wakaendelea. Hakuna mkupuo uliorudiwa kwa masharti yaleyale ili kujua joto lile la ziada lilitoka wapi. Mikupuo iliyofuata ilipotulia, walihesabu kuwa tatizo limekwisha. Julai 2005, kwenye mkupuo wa 42, waliongeza kiasi cha malighafi kwa takriban theluthi moja.

Mshauri wa usanifu alikuwa amependekeza wafanye HAZOP, yaani kukaa kikundi na kupitia kila bomba na kila valvu mkiuliza: mtiririko ukikatika je, joto likizidi je, hiki kikishindwa kufunguka je? CSB haikupata ushahidi wowote kwamba uchambuzi huo ulifanyika. Mfumo wa kupoza nao haukuwa na mbadala. Maji yalitoka bomba la mji kupitia njia moja. Valvu moja ikigoma, bomba likiziba au kipima joto kikidanganya, hakuna kingine cha kushika nafasi. Na vipuri vyake vilitumika mpaka viharibike ndipo vibadilishwe.

Kingekuwa kinu cha kuchanganyia rangi, utaratibu huo ungeleta hasara tu. Hapa upozaji ulikuwa kamba pekee iliyokizuia kinu kisishindwe kudhibitiwa.

Hesabu zilikuwa kwenye masomo ya kawaida

Sehemu hii ndiyo inayonigusa zaidi, maana hakuna hesabu hata moja inayoelezea mlipuko wa T2 ambayo haifundishwi kabla ya mwaka wa tatu.

Anza na uhamishaji wa joto. Joto linalozalishwa hufuata ujazo wa kinu, lakini joto linaloondoka hupitia ukutani, kwa hiyo hufuata eneo. Ukikuza chombo kutoka lita moja hadi lita 9,270 kwa umbo lilelile, kila urefu unakua mara 21, ujazo unakua mara 9,270 hivi, na eneo la ukuta mara 441 tu. Kila lita ya mchanganyiko imebaki na sehemu moja ya ishirini na moja ya ukuta iliokuwa nao maabara. Chombo kidogo hujipoza chenyewe bila kuombwa, hivyo majaribio 110 yanaweza kupita salama na yasikwambie lolote kuhusu kinu kikubwa.

Nenda kwenye kasi ya mmenyuko. Mkemia wa Sweden, Svante Arrhenius, alionyesha mwaka 1889 kwamba kasi hupanda kwa mkunjo mkali joto linapopanda. Kwa kukadiria tu, wahandisi husema kila nyuzi kumi huongeza kasi mara mbili. Upozaji haupandi hivyo. Chukulia maji yanachemka kwenye koti kwa nyuzi 100 na kinu kiko nyuzi 182. Tofauti inayosukuma joto nje ni nyuzi 82. Kinu kikifika 192, tofauti inakuwa 92, yaani upozaji umeongezeka kwa asilimia 12. Katika nyuzi hizohizo kumi, joto linalozalishwa limeongezeka kwa asilimia 100. Hapo huna haja ya kompyuta kuona nani atashinda mbio hizo.

Mkemia wa Kisovieti, Nikolay Semyonov, alichora jambo hili mwaka 1928: mkunjo wa joto linalozalishwa na mstari ulionyooka wa joto linaloondolewa, katika mchoro mmoja. Mahali vinapokutana chini, kinu kimetulia. Ukivuka makutano ya juu, hakuna kurudi. Vikiacha kukutana kabisa, kwa mfano maji yakikatika, kinu kinapanda mpaka malighafi iishe au chuma kishindwe. Ni mchoro wa nusu ukurasa, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuuchora.

Lililo zito zaidi ni swali la kikemia ambalo mchoro peke yake haujibu. CSB ilipopima mchanganyiko wa T2 kwenye kalorimita, kifaa cha kupima joto linalotolewa na mmenyuko, ilikuta mimenyuko miwili inayotoa joto. Wa kwanza ulianza karibu nyuzi 177. Huo ndio uliotakiwa: sodiamu na methilisaiklopentadaini, na haidrojeni ikitoka. Wa pili ulianza karibu nyuzi 199, na ulikuwa mkali zaidi. Huo ulikuwa kati ya sodiamu na daiglaimu, yaani na kiyeyusho chenyewe, kitu kilichoandikwa kwenye mapishi kana kwamba ni chombo tu cha kubebea vingine.

Rudi sasa kwenye maelekezo ya uendeshaji. Maji hufunguliwa kwenye nyuzi 182, na mmenyuko wa pili uko kwenye 199. Mikupuo yote ile iliendeshwa nyuzi 17 tu chini ya kitu ambacho wenye kiwanda hawakujua kuwa kipo. Kila mkupuo uliofaulu ulithibitisha kwamba maji yalifanya kazi siku hiyo, si zaidi.

Kisha kuna kisahani cha usalama, kile kinachopasuka shinikizo likizidi ili kinu kipumue. Cha T2 kilikuwa kwenye bomba la inchi 4 na kiliwekwa kipasuke kwenye psi 400, karibu baa 28. Kwa anayekitazama kama kinga ya chuma, kiwango hicho kinaonekana cha busara, kwa sababu kiko chini ya uwezo wa kinu. Kwa anayekitazama kwa mmenyuko, kimechelewa mno. CSB ilikokotoa kwamba kama kingepasuka kwenye psi 75 hivi, karibu baa 5, wakati wa mmenyuko wa kwanza, vilivyomo vingechemka, mvuke ungetoka na joto lake, na huenda mmenyuko wa pili usingefikiwa. Bomba lingekuwa lilelile, ila namba iliyochongwa kwenye kisahani ingekuwa tofauti. Kufikia psi 400, hakuna bomba la inchi 4 ambalo lingetosha.

Mtu akisoma haya anaweza kuuliza: mhandisi mwenye shahada alikosaje? Mimi naona jibu limo katika namna masomo yalivyokatwa vipande. Mizania ya nishati husomwa muhula mmoja, kasi ya mimenyuko muhula mwingine, uhamishaji wa joto kwa mhadhiri wa tatu, na valvu za usalama, zikibahatika, hupewa kipindi kimoja mwishoni mwa kozi ya usanifu. Katika kila kozi mwanafunzi hupewa mmenyuko ukiwa umeshaandikwa ubaoni, na joto lake limeshatajwa. Anakokotoa ubadilikaji, ukubwa wa kinu, muda. Hakuna anayempa orodha ya vilivyomo kinuni akamuuliza: ni kipi kati ya hivi kinaweza kumenyuka na kipi, hata kile usichokitaka, na kuanzia joto gani?

Shahada iliyokuwa na tundu

CSB haikukisia kuhusu vyuo. Ripoti yake ilitaja uchunguzi uliofanywa mwaka 2006 na kituo cha Mary Kay O'Connor cha Chuo Kikuu cha Texas A&M kuhusu idara za uhandisi wa kemikali za Marekani. Asilimia 11 tu ziliweka usalama wa michakato kuwa somo la lazima katika shahada ya kwanza. Asilimia 13 nyingine zililitoa kama somo la hiari. Wanafunzi wa idara zilizobaki, na hizo ndizo nyingi, waliweza kuhitimu bila kukutana nalo kama somo.

Na hili halikuwa jambo geni lililozuka ghafla. Miaka saba kabla ya ripoti ya T2, CSB hiyohiyo ilikuwa imekusanya matukio makubwa ya mimenyuko isiyodhibitiwa nchini Marekani kati ya 1980 na 2001. Yalikuwa 167, na yaliua watu 108. AIChE nayo ilikuwa imeanzisha kituo chake cha usalama wa michakato mwaka 1985, baada ya maafa ya gesi ya sumu ya Bhopal nchini India, na tangu miaka ya 1990 kulikuwa na mpango wa kuwapa wahadhiri vifaa vya kufundishia usalama. Maarifa yalikuwepo, na vifaa pia. Kilichokosekana ni sharti.

Sharti lilikuja. Kuanzia mzunguko wa ithibati wa 2012-2013, vigezo vya ABET kwa uhandisi wa kemikali vinataka mtaala ufundishe usanifu, uchambuzi na udhibiti wa michakato pamoja na hatari zinazoambatana nayo. Maneno yenyewe hayazidi nusu mstari, lakini yalibadilisha hadhi ya jambo. Kabla yake mhadhiri aliyefundisha hatari alikuwa akifanya hisani. Baada yake idara isiyofundisha ina swali la kujibu.

Hata hivyo nusu mstari unaweza kutimizwa vibaya. Idara inaweza kumwalika mtu wa kiwandani, akaonyesha video ya mlipuko, wanafunzi wakatikisa vichwa, na fomu ya ithibati ikajazwa. Somo la usalama lililosimama peke yake, likijaa vifupisho na hatua za kukariri, nalo linaweza kuacha tundu lilelile: mwanafunzi anajua HAZOP ni nini, lakini akirudi kwenye kozi ya vinu bado anakokotoa ukubwa wa kinu bila kuuliza maji yakikatika itakuwaje.

Hoja ya wahadhiri kwamba mtaala umejaa ni ya kweli, na siidharau. Ila hapa hakuna sura mpya inayodaiwa. Chukua tatizo lolote la kinu cha mikupuo lililo kwenye mtihani, uliongezee vipengele viwili. Kwanza: upozaji umekatika mmenyuko ukiwa nusu njia; kokotoa joto la juu kabisa mchanganyiko utakalofikia. Ni mgawanyo mmoja. Ikiwa kila kilo bado ina kilojuli 400 za kutoa na joto mahususi ni kilojuli 2 kwa kilo kwa nyuzi, mchanganyiko utapanda nyuzi 200. Pili: taja kinachotokea kwa kila kilichomo, pamoja na kiyeyusho, kwenye joto hilo. Mwanafunzi aliyejibu vipengele hivyo katika kozi tatu mfululizo hataweza tena kuandika "daiglaimu" kwenye karatasi ya usanifu bila kusita.

Na upande wa petroli

Wanaosoma uhandisi wa petroli wasidhani kisa hiki ni cha jirani. Tarehe 20 Aprili 2010, kwenye kisima cha Macondo katika Ghuba ya Mexico, timu ya Deepwater Horizon, mtambo wa kuchimba visima baharini, ilifanya jaribio la kupunguza shinikizo ili kuthibitisha kwamba saruji chini ya kisima imeziba. Bomba la kuchimbia lilisoma psi 1,400. Njia ya pembeni iliyotumika kwenye jaribio ilisoma sifuri. Nguzo mbili za maji zilizounganishwa chini hazina jinsi ya kutofautiana hivyo kama njia iko wazi na kisima kimezibwa. Hiyo ni hidrostatiki, elimu ya shinikizo la vimiminika vilivyotulia, ya wiki za mwanzo za kozi ya uchimbaji. Ila timu ilikubali maelezo yaliyoifanya psi 1,400 ionekane haina maana, jaribio likahesabiwa limefaulu, na usiku huo watu 11 walikufa. Tume iliyoteuliwa na rais ilieleza Januari 2011 kwamba hapakuwa na utaratibu wa kawaida wa kufanya wala kutafsiri jaribio lile.

Kwa hiyo kozi ya petroli inahitaji mazoezi ya namna hiyohiyo: vipimo viwili visivyokubaliana, bila jibu nyuma ya kitabu, na mwanafunzi anatakiwa aseme kama kazi iendelee au isimame, kisha atetee uamuzi wake.

Nikikitazama kisa cha T2 kutoka upande wa anayechagua chuo, naona jina la kozi kwenye kabrasha halitoshi. Omba mitihani iliyopita ya kozi ya usanifu wa vinu, na uone kama kuna swali lolote ambamo kitu kimeharibika. Uliza mradi wa mwaka wa mwisho unapewa alama ngapi kwa uchambuzi wa hatari, na kama mradi usio na uchambuzi huo unaweza kufaulu. Uliza kama maabara ina kalorimita ya mimenyuko, na kama mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaruhusiwa kuigusa. Isipokuwepo, uliza kama wanatumia Chemical Reactivity Worksheet, programu ya bure inayoonyesha kemikali zipi zikikutana huleta joto, gesi au moto. Kuweka majina ya vitu vitatu humo huchukua dakika chache, na kunapaswa kuwa sharti la kuingia kwenye jaribio lolote la maabara, tangu mwaka wa kwanza.